Ua la Katikati

Zulaikha alimimina kikombe kizima cha karkade, ile chai nyekundu ya maua, juu ya pedi, akahesabu mpaka thelathini, kisha akaiinua kwa ncha za vidole. Chini yake alikuwa ametandaza gazeti kuukuu, ukurasa wa matangazo ya viwanja, likiwa kavu kabisa. Sasa lilikuwa limelowa. Wala halikulowa ovyo ovyo kama kitu kilichomwagikiwa. Lililowa kwa nukta, nukta nyekundu ndogo ndogo zilizopangana vizuri: petali tano na kikonyo chake.

Aliliangalia lile ua kwenye gazeti bila kupepesa. Mkono uliolishona aliujua. Hakuna mwanamke mwingine Kyebando nzima aliyekuwa akiipinda petali ya tano namna ile, na kwa miaka thelathini amejivunia hivyo.

Rehemah, mke wa mwanawe Latif, alikuwa amesimama mlangoni akijifanya anatafuta viatu. Alikuja alfajiri, mara tu baada ya sala, akasema kwa sauti ya chini kwamba ile pedi aliyopewa ajaribu imemwaibisha. Jana alikuwa dukani anakouza simu, amevaa suruali yake ya rangi ya maziwa, na alirudi nyumbani ameuning'iniza mkoba nyuma badala ya begani. Zulaikha alimjibu kwamba ameivaa juu chini. Watoto wa siku hizi, alisema, hata kuvaa kitambaa wanataka wafundishwe. Sasa karkade ilikuwa imeamua kesi, na aliyeshindwa hakuwa Rehemah.

"Mama, mimi sikutaka kusema," Rehemah alisema.

"Umesema vizuri. Enda kazini."

Akajaribu nyingine, na nyingine. Zote zilitoa ua. Pedi tatu alizobaki nazo nyumbani zilikuwa sawasawa na zile mia mbili na arobaini zilizopelekwa jana kwenye shule ya bweni ya wasichana kule Lubaga, na kesho Jumamosi ilikuwa siku ya wazazi, siku ambayo wasichana huvaa gauni jeupe, wakaimba, wakakumbatiwa na mama zao mbele ya watu. Zulaikha aliinuka, akakaa, akainuka tena. Aliingia chumbani kutafuta kitu, akasahau ni kitu gani, akatoka na mkasi mkononi.

Mradi ule wa pedi ulikuwa wa watu wawili, yeye na Nasike. Nasike, Mbukusu kutoka Bungoma aliyepanga chumba cha pili, alikuwa anauza vitambaa katika duka la watu huko sokoni Kikuubo, na jicho lake lilijua robota la kununua kabla halijafunguliwa. Ndiye aliyepata flana laini ya ndani, ndiye aliyepata kile kitambaa cha chini kisichopitisha maji, na ndiye aliyekwenda Lubaga kuzungumza na masista. Zulaikha alikata na kushona kwa cherehani yake ya kukanyaga. Pedi ya kwanza ya mfano ilikuwa nyeupe tupu, haina pambo lolote. Waliimwagia maji ikakaa saa nzima juu ya gazeti, gazeti likabaki kavu kama biskuti. Walipoipeleka wote wawili, Sista aliyeipokea aliisifia sana. Akasema mkono wa mama huyu ni wa dhahabu.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Zulaikha alirudi Kyebando akaitazama ile pedi, akaiona uchi. Kazi yake maisha yote ilikuwa kutarizi shuka za maharusi wa Kinubi, na kitu kutoka mikononi mwa mwanamke wa Kinubi bila ua ni kama kumwacha mgeni aondoke bila kumsindikiza hata mpaka njiani. Basi katika kila pedi, katikati kabisa, akatia ua moja jekundu, kwa mkono, sindano ikipita tabaka zote hadi nje. Sababu aliitafuta, akaipata: ua litashika tabaka zisijikunje zikifuliwa. Nasike alipoziona alicheka kwa furaha akasema sasa hizi ni za harusi. Hakuna aliyekumbuka kumwaga maji tena. Na Zulaikha mwenyewe damu yake ilikuwa imekatika miaka minne iliyopita. Hakuwa na njia ya kuivaa akajua.

Lakini kitambaa kisichopitisha maji hakiisamehe sindano. Tundu moja tu, basi tena, na yeye alikuwa amekitoboa mara hamsini, mahali pale pale ambapo kingehitajika zaidi.

Kwa nini katikati? Angeweza kutarizi pembeni, kwenye bawa la kufungia, pakapendeza vile vile. Jibu alilijua, na lilimuuma zaidi ya kosa lenyewe. Alikuwa na miaka kumi na tatu, kwao Bombo, amekaa na wanawake wanane wakitarizi shuka ya bibi harusi iliyotandazwa juu ya mkeka, kila mmoja na upande wake. Alipoinuka kwenda kuleta chai waliona alama ya damu kwenye shuka, pale alipokuwa amekaa. Bibi yake hakusema neno. Walilifua doa kwa maji baridi na chumvi, likafifia lakini halikwisha, na bibi akatunga uzi mwekundu akashona waridi juu yake, waridi kubwa, zuri kuliko yote. Bibi harusi aliilalia shuka ile asijue. Tangu siku hiyo Zulaikha aliamini bila kufikiri kwamba palipo na damu ndipo mahali pa ua.

Siku hiyo hiyo bibi alimfundisha vitambaa. Vilikuwa vipande vya gurubaba, vazi pana la Kinubi la kujitanda juu ya nguo, vilivyozeeka mpaka vikalainika, vinakunjwa mara nne na kufungwa kwa kamba ya kiunoni. Vinafuliwa nyuma ya choo, vinaanikwa chini ya godoro, na mwanamume akiviona nyumba inaingia nuksi. Mama yake alikuwa wa kisasa zaidi: alinunua pamba duka la dawa akaifunga ndani ya bandeji. Zulaikha mwenyewe, miaka ya vita ambapo hata bandeji ilikuwa ya kutafutwa, alikata sponji ya godoro akajiziba nayo darasani, ngozi ikachubuka mpaka akitembea anatanua miguu. Zilipokuja pedi za paketi, mwenye duka alizifunga kwa gazeti, kisha kwa mfuko mweusi, kisha akatazama pande zote kama anauza bangi. Kila mmoja alipata kitu kipya, na kila mmoja alifundishwa kuficha kile kile. Rehemah anazinunua kwenye supamaketi, lakini na yeye huziweka chini ya unga.

Nasike alitoka chumbani kwake akiwa amevaa tayari kwenda Kikuubo. Zulaikha hakumpa salamu, alimpa gazeti. Nasike aligeuza ukurasa juu chini, akainusa karkade, akaelewa. Aliketi kwenye ngazi.

Akaanza kuzungumza haraka haraka. Alisema pengine zile nyingine ziko sawa. Alisema chai ni nyepesi, damu ni nzito. Alisema kuna shule ya pili huko Entebbe inangoja kusikia hii ya kwanza itasema nini, na wakienda leo kurudisha kazi yote, watarudi kuwa watu wa kukunja vitambaa vya watu mpaka wafe.

"Kwani kesho watavaa wangapi, Mama Latif? Kumi? Kumi na tano? Wasichana wa bweni wanajua kujipanga. Wataweka na tishu."

"Hata wakiwa wawili. Hiyo maua ni mkono yangu. Itatoka kwa gauni nyeupe, mbele ya baba ya mtoto."

"Na jina yako itatoka wapi, ukienda kujisema mwenyewe?"

Zulaikha alikuwa ameshageuka kuondoka. Alikuwa ameshavaa viatu, tena vya kushoto na kulia tofauti, akavivua akavaa vingine. Nasike alimtazama, na Nasike hakuwa mtu mbaya; alikuwa mtu aliyechoka. Alimfuata mpaka barabarani, akamshika mkono.

"Kama lazima uende, usiseme ni maua. Sema tuliuziwa kitambaa mbaya. Kitambaa haina mama wa kukitetea."

Bodaboda aliyempata alikuwa na kofia moja tu, na aliivaa yeye mwenyewe. Zulaikha alikaa upande kama wakaavyo wanawake wa makamo, gurubaba ameifumbata mapajani, na tangu Kalerwe hadi Wandegeya alimgonga mgongoni mara tatu kumhimiza. Pale Nakulabye magari yalijifunga wakasimama. Mwenye pikipiki alizima injini, akasema hajjati, barabara si ya baba yangu. Zulaikha alishuka akatembea hatua kumi mbele kana kwamba hatua kumi zingesaidia, magari yakafunguka, ikabidi arudi mbio.

Njia nzima alikuwa anayafanyia mazoezi maneno ya Nasike. Tuliuziwa kitambaa kibovu, Sista. Yalikuja kwa urahisi, na ndiyo yaliyomtia wasiwasi. Tena yalikuwa na ukweli wa kutosha wa kusimamia, kwani Kikuubo nani hajauziwa kitu kibovu? Kanisa kuu lilipotokeza juu ya kilima na minara yake miwili, alikuwa ameshaanza kumkasirikia yule mwuza kitambaa, mtu asiye na kosa lolote.

Askari wa getini aliitwa Odyek. Jina lilikuwa limeandikwa kifuani, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi na kilichonyooka. Alisema wazazi ni kesho. Zulaikha akasema yeye si mzazi, amekuja kwa ajili ya vitambaa. Odyek alicheka. Wiki hii, alisema, ameshaona mama aliyejifanya fundi bomba na baba aliyejifanya padri, wote na kuku wa kukaanga ndani ya mfuko, maana watu hawawezi kungoja siku moja kuwaona watoto wao. Vitambaa gani hivyo?

Zulaikha alitazama kushoto na kulia. Kisha, kwa mara ya kwanza maishani, alilisema neno hilo mbele ya mwanamume mgeni, mchana kweupe.

"Nimekuja kuchukua pedi ya wasichana. Ile nilishona inavuja damu."

Odyek aliziangalia buti zake kwa makini mno. "Pita, mama," alisema, na daftari la wageni hakulifungua.

Sista Alanyo, yule aliyeisifia pedi ya kwanza, alikuwa uwanjani akiwasimamia vibarua na mafundi waliokuwa wakisimika mahema ya kesho. Alikuwa mwanamke mrefu wa Kiacholi, mwenye sauti isiyohitaji kupanda. Alipomwona Zulaikha uso wake ulifunguka wote. Hata kabla salamu hazijakwisha alimshika mkono akamvuta, akisema afadhali umekuja, njoo uone, mtu akikusimulia hutaamini. Zulaikha alisema Sista, nina neno. Sista akasema neno lako litangoja.

Nyuma ya bweni palikuwa na kamba saba za kuanikia nguo, na kamba zote saba zilikuwa zimejaa. Pedi zake zilining'inia juani, moja baada ya moja, zikiwa zimebanwa kwa vibanio vya rangi rangi, na maua mekundu yote yametazama upande mmoja. Mafundi wa mahema walipita kando ya kamba wakibeba vyuma. Wasichana wengine walikuwa wameketi chini ya kamba hizo wakisukana nywele, hawajali.

Sista alieleza kwa sauti ya mtu aliyeshinda vita. Miaka kumi na moja amekuwa akiwasihi wasichana waanike vitambaa vyao juani. Miaka kumi na moja wamekuwa wakiviweka vibichi chini ya magodoro, vikishika ukungu, na wao wakija zahanati na vidonda na muwasho wasioweza kuusema. Jana jioni alipowagawia hizi na kuwaambia wazifue kabla ya kuvaa, walikuja wenyewe kuomba vibanio.

"Niliuliza, leo mmekuwa nini? Wakaniambia, Sista, hii ina maua. Hii haiwezi kuwa ya kuficha."

 Zulaikha alikuwa ameyabeba maneno ya Nasike toka Kyebando, yamelainika mdomoni, yako tayari. Akafungua kinywa.

"Sista, kitambaa..." alianza. Akatazama zile kamba. "Hapana. Kitambaa iko sawa. Ni maua. Mimi nilitoboa na sindano, damu inapita pale. Mkwe wangu alivaa, ikamwaibisha. Mimi ndiye nilikosea, si mtu mwingine."

Alisema yote, hata kuhusu gazeti, hata kuhusu ile shuka ya Bombo ambayo hajawahi kumsimulia mtu. Mficha uchi hazai, alijiambia, lakini methali haikumpunguzia joto la uso. Sista Alanyo alisikiliza mpaka mwisho. Furaha ilimtoka polepole, na hiyo ndiyo Zulaikha aliogopa kuiona zaidi ya hasira.

Sista aliuliza kama zinaweza kutengenezeka. Zulaikha akajibu haraka, kwa kuwa hilo angalau alilifikiria Nakulabye akiwa amesimama juani. Atatia kipande cha pili cha kitambaa cha chini, kishonwe ukingoni tu, ua libaki ndani halijaguswa. Ni kazi ya wiki mbili. Wiki moja, kama Nasike atakubali kuzungumza naye. Sista akasema kwa kesho kuna pedi za paketi stoo, zitawatosha wenye haja. Kisha akazitazama kamba.

"Mimi niliwaambia wasiogope hii kitu," alisema. "Sasa siwezi kuitoa kimyakimya kama mwizi. Utawaambia wewe."

Zulaikha hakuwahi kuhutubia watu, isipokuwa kwenye matanga. Wasichana walikusanyika chini ya kamba, wengine nywele nusu zimesukwa, wakamtazama huyu jjajja, huyu bibi aliyevaa gurubaba ya manjano na jasho juu ya mdomo. Aliwaambia kwa maneno machache. Maua yenu nilishona mimi. Nilishona vibaya. Yanavuja. Nazichukua nikazitengeneze, na nitazirudisha. Mmoja nyuma alicheka, akanyamazishwa. Mwingine, mrefu, aliuliza kama zitarudi na maua au bila maua. Zulaikha alisema na maua, akashangaa kuona anamjibu kwa ukali, kama vile ameulizwa kama atarudi na mikono yake.

Wakaanza kuzianua pamoja. Vibanio vilitupwa kikapuni, pedi zikakunjwa mara tatu kama alivyowaonyesha, na kwa mara ya kwanza toka alfajiri mikono yake ilipata cha kufanya. Alihesabu kwa mdomo. Kamba ya saba ilipokwisha walikuwa na mia mbili na thelathini na tisa. Sista alihesabu tena, jibu likawa lile lile: imepungua moja.

Hapo ndipo Zulaikha alipomwona msichana aliyekuwa kwenye ngazi ya bweni. Wenzake wote walikuwa wameinuka, yeye hakuinuka. Alikuwa na miaka kumi na tatu labda, mwembamba, amekaa mikono chini ya mapaja, akitazama mbele kana kwamba anangoja kupigwa picha. Zulaikha alimwendea akachuchumaa kando yake, akamuuliza jina. Aliitwa Nabangala.

"Unaumwa?"

Nabangala alitikisa kichwa. Ilimchukua muda. "Jjajja, mimi sikufua. Nilivaa asubuhi." Akameza mate. "Wakati ulikuwa unasema, nilikuwa nayo. Nimesikia imepita."

Bafu zilikuwa ng'ambo ya uwanja. Kati ya ngazi na bafu kulikuwa na mahema manne, mafundi kumi na mbili, lori la viti limefungua mlango wa nyuma, na baba mmoja, mjanja kuliko Odyek, aliyekwisha kuingia na mfuko wake wa kuku. Zulaikha alitazama umbali ule. Alitaka kuukimbia mwenyewe, ambebe mtoto begani, yaishe. Aliona aibu, tena aibu kubwa, na akaona kwamba haikuwa na faida yoyote kwa mtu aliyekaa pale.

"Inuka," alisema. "Mimi niko nyuma yako."

Nabangala aliinuka. Doa lilikuwa dogo, halikuzidi ukucha, lakini gauni la shule lilikuwa la samawati hafifu na jua la saa sita halikuficha kitu. Zulaikha alijisogeza karibu, karibu mpaka kidevu chake kikagusa nywele za mtoto, akaiachia gurubaba ifunguke pande zote mbili, akaweka mkono mmoja begani kwake. Msichana alipiga hatua, naye akapiga hatua. Mwanzoni hatua zao hazikulingana, akamkanyaga kisigino. Toka asubuhi miguu ya Zulaikha ilikuwa haijui ila kukimbia, na sasa ilibidi ijifunze mwendo wa mtu mwingine, mwendo wa mtoto anayebana mapaja.

Walipita hema la kwanza. Fundi aliyekuwa amebeba mlingoti alisimama kuwapisha, akawatazama, kisha akatazama pembeni. Walipita lori.

"Bado iko mbali?" Nabangala aliuliza, macho ameyafumba.

"Bado kidogo. Tembea tu."

Zulaikha akapunguza hatua zaidi, ili ziwe sawa na za mtoto.